Yudith wa Magole na Kilima cha Mzee Mhoja

Magole imetoa watu wengi wa maana, na hatusemi hivi kwa kujisifu. Mmoja ni Wakili Yudith. Mwaka 2001, biashara huria imeshika kasi na wageni wanaingia nchini na mikoba minene, mikataba ya simu, televisheni na kompyuta ilikuwa inapita mikononi mwake kama vitumbua vya asubuhi.

Silaha yake ilikuwa moja: kunyamaza. Akifika kwenye kifungu asichokipenda, anaweka kalamu mezani na kutazama ukuta. Mzungu mmoja aliyekuja kuuza haki za kuonyesha mpira alivumilia dakika tisa, akapunguza bei mwenyewe, kisha akaomba maji ya kunywa. Wenzake Yudith walisoma mpaka Uingereza, hilo hawakufundishwa.

Basi akatumwa Mikumi. Kampuni ya simu ilitaka kukodi kilima cha Mzee Mhoja, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, isimike mnara na kukizungushia uzio kilima chote kwa miaka ishirini. Maagizo yalikuwa mafupi: asibadilishe hata nukta, arudi na saini kabla ya Ijumaa. Akirudi nayo, anafanywa mbia wa ofisi ya mawakili. Akirudi mikono mitupu, nafasi ni ya wakili mwenzake Samson, ambaye alikuwa ameshachagua kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akamsomea mkataba wote. Mzee akasema amesikia, ila hasaini. Yudith akaweka kalamu juu ya kigoda, akanyamaza.

Mzee naye akanyamaza.

Saa nzima ikapita. Mtu aliyechunga ng'ombe miaka hamsini, kwake kunyamaza si mbinu, ni siku ya kazi. Saa ya pili mkewe, Mama Limi, akaleta maziwa ya mgando.

"Mgeni anaumwa koo?" akamuuliza mumewe.

"Sijui. Alianza vizuri."

"Labda sheria yenyewe imeishia hapo."

Saa ya tatu Mzee akasimama, akachukua fimbo. Anakwenda mnadani Dumila, akasema, atarudi Jumapili.

Hapo Yudith akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini. Akawa wa kwanza kusema.

"Baba, kwani kinachokuzuia ni nini?"

"Ndiyo unaniuliza sasa." Mzee akakaa. "Njia ya ng'ombe kwenda mtoni inapita hapo juu. Mkiweka uzio watakunywa nini, simu?"

"Si ungesema mapema, baba."

"Ulisema nisikilize."

Yudith akatoa simu aombe ruhusa ofisini kwake Dar es Salaam. Mtandao hakuna, mnara wenyewe ndio kwanza unaombewa kilima. Simu ya mezani iko mjini, na gari alilokuja nalo lilikwama bondeni. Akachukua kalamu, akaongeza kifungu kwa mkono: mageti mawili ya mita sita, wazi alfajiri hadi jioni. Mzee akasaini.

"Nani alikuruhusu?" mkurugenzi wake akamuuliza Ijumaa.

"Nilijiruhusu."

"Ungepiga simu."

"Kwa mnara upi, mzee?"

Ubia akapewa Samson. Yudith aliendelea kuwa mwajiriwa miaka mitatu zaidi, na hajawahi kusema anajuta, ingawa shangazi zake wamemuuliza sana. Mnara ulijengwa na mageti yake mawili, maana saini ni saini. Mafundi wakipanda kuutengeneza, husimama pembeni kwanza mpaka ng'ombe wa mwisho apite.