Nilimsahihisha Kobe kwa Kalamu Nyekundu

Saa nne asubuhi, watoto wako nje wanakimbizana, mimi nimebaki darasani na chai yangu. Nikafungua simu, nikakuta mtu ameandika maoni chini ya sauti ya mtoto wa miaka saba.

"Bado anasema pipekeo."

Basi. Hakuna jina, hakuna picha, ni kile kiduara cha kijivu tu pale inapokaa sura ya mtu.

Nikaweka kikombe chini.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkanihukumu mapema. Mkishasikia yote nihukumuni tu, nitakuwa nimestahili.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Watoto wananiita Mwalimu Miwani, wakidhani sijui. Nafundisha kusoma na kuandika, na nina ugonjwa mmoja: siwezi kuona kosa la lugha nikalipita. Hata tangazo la mlango wa choo cha walimu nimewahi kulisahihisha.

Darasa langu lina watoto hamsini na wawili na vitabu vya hadithi kumi na tisa. Ukisema umsikilize kila mtoto akisoma, siku imekwisha na hesabu hazijafundishwa. Ndipo mwalimu wa chumba cha jirani akaniletea habari ya tovuti moja ya walimu.

"Dada, acha kujitesa," akaniambia. "Unafungua ukurasa wa darasa, unamrekodi mtoto anasoma, mzazi anasikiliza akiwa nyumbani. Bure."

"Bure bure?"

"Bure kabisa. Kuna vitu vichache wamevifungia wanaolipia, lakini huvihitaji."

Nikafungua ukurasa, nikauita Darasa la Mwalimu Miwani. Kwa ajili ya usalama sikuandika jina la mtoto hata mmoja. Kila mmoja nikampa jina la mnyama, nikamnong'oneza sikioni, siri yetu wawili. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Huyu ninayemsimulia nilimwita Kobe, kwa sababu kengele ikilia wenzake wako getini, yeye bado anapanga penseli kwenye mkoba.

Kobe aliletwa katikati ya muhula. Alishikwa mkono na mwanamke mmoja mpole, amevaa nadhifu, mtoto mwenyewe amesukwa nywele zikasukika. Mkuu wa shule akawapokea. Karatasi za uhamisho, mwanamke akasema, zinakuja. Hazikuja, na hakuna aliyeuliza tena.

Siku hiyo hiyo akanivuta pembeni.

"Mwalimu, nina ombi. Mwanangu asipigwe picha. Jina lake lisionekane mtandaoni. Kuna mtu anamtafuta."

"Baba yake?"

Akatazama viatu vyake. "Mtu tu, mwalimu."

Yeye hakusema baba. Mimi ndiye niliyejaza hiyo nafasi, kama ninavyowajazia watoto wangu.

Kobe alisoma vizuri sana isipokuwa neno moja. Kwenye kitabu chetu kuna hadithi ya kipepeo aliyepotea njia, na kila akifika hapo ulimi unamgeuka: pipekeo. Tulirekodi mara nne kwenye stoo ya vitabu, maana ndiko kwenye utulivu. Mara zote nne, pipekeo. Ya nne ikavurugwa na kengele, na mkuu naye akaanza kutangaza kwenye kipaza sauti. Nikachoka, nikaiweka hivyo hivyo.

Sasa rudi kwenye yale maoni.

Bado. Hilo "bado" ndilo lililonitisha. Mtu hawezi kusema bado kama hajawahi kumsikia huyu mtoto kabla yangu.

Nikajibu: "Wewe ni nani?"

Kimya siku mbili. Siku hizo mbili nilikuwa namsindikiza Kobe mpaka getini, na kila mwanamume aliyesimama ng'ambo ya barabara nilimkodolea macho. Mmoja alikuwa fundi wa mabomba wa watu, anasubiri lifti. Alinisalimia, sikuitikia.

Siku ya tatu, kipindi cha pili, watoto wananakili ubaoni, simu ikatetemeka mezani.

"Mwalimu, naomba usimwambie mama yake..."

Ikaishia hapo. Pembeni kulikuwa na kialama cha kufuli, na maandishi madogo kwamba maoni marefu husomwa na wenye akaunti ya kulipia.

Mimi nilikuwa nimeshasoma ya kunitosha. Mtu asiye na sura anamjua mtoto, anamtafuta mtoto, na hataki mama yake aambiwe. Ungefanya nini wewe?

Nikampigia simu mama yake papo hapo.

Alifika nusu saa baadaye, anahema, kiatu kimoja hakijafungwa. Nikamwonyesha. Alisoma ule mstari, akaurudia, kisha akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Futa," akasema.

"Nataka kwanza tumwonyeshe mkuu, ikibidi polisi..."

"Mwalimu, futa nikiona. Vyote."

Nikaandika kwenye ukurasa kwamba ninaufunga sasa hivi. Nilitaka huyo mtu ajue kwamba nimemshtukia. Sekunde chache tu, maoni mengine yakaingia.

"Usifute nakuomba. Nakuomba mwalimu."

Nikabonyeza futa. Sauti mia mbili na kitu za watoto zikaenda, na ile ya pipekeo ikiwemo. Mwanamke akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mikono ya baridi, akanishukuru, akaomba aondoke na mtoto mapema. Kobe alipanga penseli zake polepole kama kawaida. Mlangoni akanipungia mkono.

Niseme ukweli, mchana ule nilijisikia shujaa. Hata nilimsimulia mwenzangu wa chumba cha jirani, na mbwembwe juu.

Kesho yake Kobe hakuja. Simu ya nyumbani kwao haipatikani. Siku iliyofuata nikaenda mpaka walipopanga, nikakuta chumba kimefagiwa, pazia halipo, na mwenye nyumba anapaka rangi.

"Wameondoka juzi jioni," akaniambia. "Hawakuaga."

Nikasema afadhali, wamemkimbia huyo mtu salama.

Jumatatu mkuu akaniita ofisini. Alikuwemo afisa wa ustawi wa jamii na faili lake, na mwanamke mwingine ambaye sikuwahi kumwona. Lakini yale macho niliyajua. Nilikuwa nayaona kila siku, safu ya tatu, karibu na dirisha.

"Mwalimu Miwani ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Mimi ndiye niliyekuandikia."



Akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo kwenye ofisi nyingi. Alikwenda kufanya kazi mbali, miaka miwili, akamwacha binti yake kwa mdogo wake wa tumbo moja. Mdogo mtu hakujaliwa mtoto. Aliporudi kumchukua mwanawe alikuta nyumba tupu. Tangu hapo ni polisi, redio, na kila usiku mitandaoni. Mpaka alipokutana na kurasa za watoto wanaosoma, akaanza kusikiliza moja baada ya nyingine, mamia, watoto wa watu. Siku moja akasikia pipekeo.

"Kwenye ile sauti, kengele ikilia, mkuu wako anasikika akitaja jina la shule," akasema. "Shule zenye jina hilo ziko kumi na moja. Hii ni ya saba kufika."

"Lakini uliandika nisimwambie mama yake," nikasema.

Akanitazama asielewe.

"Niliandika usimwambie mama yake mdogo."

Nje watoto walikuwa wanaimba herufi.

"Niliandika usimwambie mama yake mdogo, atakimbia naye, mimi ndiye niliyemzaa, naomba nipigie. Na namba yangu nikaweka."

Neno moja. Kufuli lile lilikuwa limekaa juu ya neno moja.

"Ile sauti ipo?" akauliza. "Sikuweza kuihifadhi. Nataka tu kuisikia."

Nikamwambia haipo. Nilikuwa nimeshawaandikia wenye tovuti nikitaka kazi za darasa langu, wakanijibu kwamba akaunti ya bure hairudishiwi kilichofutwa.

Hakulia. Aliomba chochote alichokishika mwanawe. Kwenye rundo langu la madaftari lilikuwepo la Kobe, nikaenda kulichukua. Nikalifungua njiani.

Ilikuwa insha fupi, Mtu Ninayempenda. Aliandika: "Mama huyu ananisuka vizuri. Mama huyu hanichapi. Mama huyu anapenda kuimba."

Na mimi, kwa kalamu nyekundu, nimekata "huyu" mara tatu, nikaandika juu yake "yangu".

Nikakumbuka siku niliyomrudishia. Alikuja mezani na daftari, akasema, "Mwalimu, lakini ni mama huyu."

"Na huyu ni mama wa nani?"

Akafikiri muda mrefu. "Wangu."

"Basi andika yangu."

Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri.

Mtoto aliniambia. Tena kwa maandishi, mara tatu, na kwa mdomo mara moja. Nikampa saba kati ya kumi.

Walimu wenzangu, vya bure tumieni, vinasaidia na watoto wanafurahi. Ila kwanza jueni wamefunga nini, kwa sababu mimi niliambiwa sikihitaji. Na mtoto akiandika neno ambalo halijakaa sawa, muulize kabla hujashika kalamu. Mimi natembea na jambo hili kila siku.

Niliufungua upya ule ukurasa kwa jina lile lile, safari hii nalipia. Una sauti moja tu, yangu. Nasoma ile hadithi mwanzo hadi mwisho, na kila nikifika penyewe nasema pipekeo. Wazazi wawili wamelalamika kwa mkuu kwamba mwalimu hajui kusoma. Mimi huyu, niliyesahihisha tangazo la choo.

Miezi minane imepita, na Kobe hajapatikana. Jana, saa nne asubuhi, niko na chai yangu, simu ikatetemeka.

"Mwalim umekosea ni kipepeo. Kobe."

Mwalimu halina u ya mwisho, na nukta imekosekana katikati. Sikugusa kitu. Nilimpigia simu mama yake, mama yake mzazi, na nikamsomea maoni yale kama yalivyoandikwa.