Mama Cheche na Mwanga wa Mshtarii

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Cheche, kwa sababu ukipita karakana yake mchana ulikuta cheche zinaruka mpaka mlangoni, naye ameinama katikati yake, kofia ya kuchomelea imemfunika uso, anaunga geti la mtu. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe. Wateja walipomjia baada ya msiba kuuliza sasa nani atawamalizia madirisha yao, aliwaambia wasogee pembeni, wanamzibia mwanga.

Jicho lake la kulia lilipotea kwa kazi hiyohiyo. Kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye grenda siku ambayo miwani ilikuwa imening'inia msumarini, na hospitali wakashindwa kuliokoa. Ndugu wa mumewe walikuja kumpa pole, na papo hapo wakamshauri afunge karakana, atulie nyumbani atunzwe. Aliwashukuru kwa pole. Ushauri wao waliondoka nao.

Habari za nyota zilianza baadaye. Muuza matairi wa mtaa wa pili alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha watu wanaopenda kutazama anga, na siku moja alileta stendi ya darubini iliyokatika mguu ili aungiwe. Alipokuja kuichukua, Mama Cheche alimwambia haitoki pale mpaka aonyeshwe inashikilia kitu gani. Jioni hiyo akaiona sayari ya Mshtarii kwa mara ya kwanza: mviringo mdogo kama kifungo cha shati, umezungukwa na mikanda miwili ya kahawia, na pembeni miezi yake imejipanga mstari kama watoto wanaosubiri maji. Alirudi nyumbani akasahau hata kula.

Hakuomba kuazimwa darubini. Alinunua vioo kwa taabu, akakunja bati kuwa bomba, akaunga stendi yake mwenyewe kwa nondo na magurudumu ya kitanda kibovu cha hospitali, na vyote akavipandisha juu ya paa la nyumba anayopanga, kati ya tangi la maji na kamba za nguo. Majirani walinung'unika kwamba anachungulia vyumba vya watu. Aliyenung'unika zaidi alialikwa apande alitafute dirisha lake humo ndani. Alipanda, akatazama, akashuka, na kesho yake akarudi na mkewe.

Kikundi kile kilikuwa na shughuli moja kiliyoipenda kuliko nyingine. Mshtarii ni sayari kubwa kupita zote zinazolizunguka jua letu, na kwa ukubwa wake huyavuta mawe yanayozurura angani. Jiwe likiingia kwenye mawingu yake huungua kwa kasi, likatoa mwanga wa kufumba na kufumbua, likaisha. Wataalamu wenye darubini kubwa hawawezi kuikodolea macho sayari moja kila siku, kwa hiyo wanaovizia mianga hiyo mara nyingi ni watu wa kawaida wa nchi mbalimbali, wanaorekodi kwa kamera na kupashana habari. Wengi huvizia miaka na miaka wasipate kitu. Mama Cheche hakuwa na kamera. Alikuwa na jicho la kushoto, na subira ya mtu aliyezoea kusubiri chuma kipoe.

Basi jioni moja, giza lilipokuwa likiingia na sayari imesimama vizuri upande wa magharibi, aliona. Kwenye ukingo wa mkanda wa kusini nukta nyeupe iliwaka, ikakua, ikazimika, muda wa mtu kutamka jina lake. Hakupiga kelele. Alishika bomba kwa mikono miwili asije akalisukuma, akatega sikio: redio ya jirani ilikuwa ndiyo kwanza inaanza taarifa ya habari. Kwa hiyo saa aliijua bila kuitazama. Akachora mviringo kwa penseli, akaitia nukta mahali pake.

Mwenyekiti alimpokea kwa furaha, mpaka alipouliza video iko wapi. Siku hiyo yeye na wenziwe walikuwa harusini, hakuna aliyerekodi. Kwenye kikao cha kikundi, nyuma ya duka la matairi, walimzunguka kwa maneno laini. Mmoja alisema huenda ni setilaiti iliyokatiza. Akajibu kwamba setilaiti hupita, na ile haikusogea. Mwingine akasema labda ni mwezi mmojawapo. Akajibu kwamba miezi ile anaijua kama wateja wake wadaiwa. Mwishowe mwenyekiti akatoa lile walilokuwa wakilizungukazunguka.

"Fundi, usinielewe vibaya. Umechomelea miaka mingi, na jicho limebaki moja. Jicho lililochoka huweza kuona mwanga usiokuwepo. Tukiandika halafu ikaonekana si kweli, kikundi kizima kitachekwa."

"Andikeni nimeona," alisema Mama Cheche. "Na andikeni pia kwamba nina jicho moja. Wasomaji wataamua wenyewe. Lakini hamtaandika kwamba jioni ile hapakuonekana kitu, wakati mimi nilikuwepo na ninyi mlikuwa mnakula pilau."

Alivuta tairi moja akalikalia, akakunja mikono. Wakajadili mengine, wakafunga ajenda, wakaanza kupanga viti. Yeye yuko palepale. Wakaandika.

Lililomuuma zaidi lilitoka nyumbani. Binti yake alikuwa nesi, na kwa muda mrefu alikuwa akimsihi mama yake apimwe jicho lililobaki, naye akikataa. Aliposikia habari ya mwanga, hakuuliza ulikuwaje. Alisema kwa upole kwamba mianga ya namna hiyo ni dalili, kwamba utando wa ndani ya jicho ukianza kuachia, mtu huona vimulimuli, na kuchelewa ni kupofuka. Mama Cheche alimsikiliza hadi mwisho. Asubuhi alivaa nguo zake za kutokea, akamwambia binti wafuatane kliniki.

Daktari wa macho alimtia dawa, akammulika, akamwinamisha huku na huku. Jicho lilikuwa na makovu madogo ya kazi, akasema, ila ndani ni zima. Akamshauri apunguze kuchomelea. Mama Cheche aliomba yale ya jicho kuwa zima yaandikwe kwa herufi zinazosomeka, akaipitisha karatasi kwenye duka la matairi, akaibandika ukutani mwenyewe, juu ya kalenda.

Hata hivyo shahidi alibaki mmoja. Ndipo akamweka binti yake kwenye simu amsaidie kuandika ujumbe kwa vikundi vya nchi nyingine: nimeona mwanga, mahali fulani, saa fulani, yeyote aliyerekodi jioni ile na hajaitazama video yake, aitazame. Wengine hawakujibu. Mmoja alijibu kwa mzaha kuhusu mabibi na nyota. Akamwandikia tena, kwamba mzaha ameupokea, sasa alete video.

Jibu la maana lilitoka kwa mwoka mikate wa nchi ambayo Mama Cheche hajawahi kuikanyaga. Jioni ile aliiacha kamera ikirekodi, akaenda kukanda unga, na kwa uchovu hakuwahi kuifungua ile video. Sasa ameifungua. Aliituma. Walitazama mama na binti, vichwa vimegusana juu ya kioo kidogo cha simu: sayari inatikisika kama iko chini ya maji, halafu, kwenye ukingo wa mkanda wa kusini, nukta nyeupe ikawaka, ikakua, ikazimika.

Binti aliirudisha, akaitazama tena, akaweka simu mezani.

"Mama, nilikuambia kama nesi."

"Najua. Na ulifanya vizuri. Siku nyingine anza kuniambia kama mwanangu, unesi ufuate."

Habari ilithibitishwa, na majina mawili yakaandikwa pamoja, la mwoka mikate na la mchomeleaji. Mwenyekiti alikuja karakanani na soda baridi na mpango wa hafla ndogo. Alikuwa ameandaa hotuba, akamsomea mwanzo wake: jinsi mama huyu, licha ya ulemavu wa jicho, alivyoweza. Mama Cheche akamkatiza hapohapo. Alisema hakuona licha ya jicho lake. Hilo ndilo alilotumia kuona. Hotuba hiyo ikisomwa, hafla watafanya bila yeye. Mwenyekiti akaikunja karatasi, akaomba radhi, na kwa kuwa alikuwa amesimama bure, akapewa ncha ya bomba aishike wakati geti linaungwa.

Siku hizi ushauri wa daktari anaufuata kwa namna yake. Kuchomelea amepunguza, kazi nzito amemwachia fundi aliyemwajiri, naye amebaki kupima na kukaripia. Ila jioni mbingu zikiwa safi hupanda paa, na Mshtarii ikishazama kwake humwandikia mwoka mikate kwamba zamu yake imekwisha, amwangalizie. Shemeji zake bado huja kumshauri atulie, hasa ngazi zile zisije zikamwangusha. Huwajibu hukohuko juu ya paa, jicho liko kwenye darubini, kwamba ametulia sana, na kwamba mwenye haraka anaweza kuondoka.