Sahani Sita za Somo Yangu

Vijana wa chama cha wafanyakazi wakiniona kwenye sherehe zao hapa Kibiti hunivuta mbele, wananipa kipaza sauti, wanawaambia watu kwamba huyu mama ndiye aliyesimama imara kiwandani miaka ile ya ruksa. Watu wanapiga makofi. Miye natabasamu, nasema maneno mawili ya kuwatia moyo, narudi kukaa, na moyoni natamani wangenyamaza. Kusimama nilisimama, sikatai. Ila njaa niliyoivumilia kwa ushujaa wote ule haikuwa yangu, na hilo sijapata kulisema kwenye kipaza sauti.

Kiwanda chetu kilikuwa cha mbao, mali ya umma, kando ya njia ya kwenda Ikwiriri. Nilikuwa karani wa masijala, na wenzangu walinichagua katibu wa tawi la chama kwa sababu moja tu, mdomo. Nilikuwa nao. Meneja akiniona nakuja na karatasi mkononi, anakumbuka ghafla kwamba ana haja ya kwenda chooni. Mume wangu alikuwa akinunua kamba kule visiwani, mto unapoingia baharini, anawaweka kwenye barafu na kuwapeleka Dar es Salaam. Tangu kila mtu aruhusiwe kuuza anachotaka, biashara hiyo ilikuwa imemnyookea. Nalisema hili mapema ili lieleweke: nyumbani kwangu mchele haukukosekana hata siku moja.

Somo yangu alikuwa mpishi wa kantini, pale pale kiwandani. Mtu asiyekulia huku kwetu pengine hajui uzito wa neno hilo. Somo ndiye mwanamke anayekabidhiwa msichana akishavunja ungo. Anamweka ndani, anamfunda, anamtoa, na tangu hapo msichana yule ni mwali wake mpaka mmoja wao aingie kaburini. Mama yako unaweza kumjibu vibaya na akakusamehe kabla ya chakula cha jioni. Somo hajibiwi, na mbele za watu ndiyo kabisa. Huyu wangu alinifunda kuoga, kukaa, kupika, kunyamaza (hilo la mwisho halikushika), na akanifunda mambo ya sahani. Jirani akikuletea chakula, alisema, usimrudishie sahani yake tupu. Weka embe, weka limau, weka hata chumvi ya kukunja kwenye karatasi. Ukirudisha tupu umemwambia kwamba wewe na yeye basi.

Mwaka ninaousimulia mto ulichelewa kujaa, halafu ukaja kwa mkupuo ukalaza mpunga wote bondeni. Kiwandani nako misumeno ilikuwa imesimama. Serikali ilikuwa ikijitoa kwenye mashirika yake, tukaambiwa tusubiri mnunuzi, na katika kusubiri huko mishahara ilikatika mwezi wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Madukani, lo, kulikuwa na kila kitu! Sabuni za kila rangi, mafuta ya nywele, biskuti za kutoka nchi nisizozijua. Tulikuwa tunapita tunatazama.

Ndipo likaja lori la mahindi ya msaada. Kamati ya kijiji ikaandika orodha ya kaya zenye njaa, lakini kwa sharti. Mwenye ajira hapati, kwa kuwa ana mshahara wake. Mfanyakazi wa kiwandani akitaka kuingia kwenye orodha, atie saini au dole gumba kwenye karatasi inayosema hana kazi. Mkubwa wetu wa chama akaja kutoka mjini, na mkoba mweusi, akanywa soda mbili ofisini kwangu, akasema, "Katibu, anayetia dole pale amejiachisha kazi mwenyewe. Mnunuzi akipatikana, kiinua mgongo asikiulize. Wazuie watu wako."

Huenda alikuwa sahihi. Mpaka leo sijui. Ninalojua ni kwamba kulikuwa na njia nyingine na sikuitafuta. Baadaye nilisikia kwamba wenzetu wa kiwanda kimoja cha jirani walikwenda kwa mtendaji wa kijiji chao, mwenye orodha, wakakaa naye asubuhi moja, wakaomba karatasi iseme "hajalipwa" mahali pa "hana kazi." Akaandika. Watu wakala mahindi na kazi zao zikabaki. Asubuhi moja tu! Miye sikwenda kwa mtendaji, maana nilikuwa nimeshalewa sauti yangu mwenyewe.

Niliitisha mkutano kwenye banda la misumeno. Nikapanda juu ya gogo. Nikasema sisi si ombaomba, sisi ni watu wenye haki zetu, na yeyote atakayetia saini karatasi ile ametusaliti sote. Walishangilia. Kisha, katikati ya shangwe, nikaona mkono umeinuliwa nyuma, na kitambaa cheupe cha kantini.

"Miye nauliza," somo yangu akasema, taratibu kama kawaida yake. "Wajukuu watakula nini?"

Alikuwa mjane, na binti yake alikuwa amefariki, kamwachia wajukuu wanne. Nilijua hayo yote. Wangekula nini, ndilo swali pekee la maana lililoulizwa siku ile, na sikuwa na jibu. Mtu asiye na jibu akiwa na mdomo, basi ni balaa. Nikamwambia, "Somo, hapa tuko kazini. Mambo ya jikoni utaniuliza nyumbani."

Banda zima likacheka. Yeye akashusha mkono. Hakununa, hakuondoka, alikaa mpaka mkutano ukafungwa. Hakuna aliyetia dole. Mahindi yakagawiwa mwezi wa Shaabani, kwa watu wengine, na sisi tukapita mbele ya foleni vichwa juu.

Ramadhani ikaandama. Kwa desturi yetu, karibu na magharibi sahani za futari huanza kutembea nyumba hadi nyumba, zimefunikwa vitambaa. Mwaka ule nyingi hazikutoka. Ukimletea mwenzio unamtia katika kurudisha, na mwenye cha kurudisha nani? Ila sahani ya somo yangu ilikuja siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, imeletwa na mjukuu wake wa kike, mkubwa kuliko wenzake. Vipande vyeupe vilivyopikwa kwa tui na hiliki. Nikaonja kimoja tu, maana mezani kwangu kulikuwa na tambi na samaki. Nikajisemea, viazi vikuu hivi, somo yangu mambo yake si mabaya. Nikairudisha sahani na wali, na kesho yake hivyo hivyo.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Wanawake wa kiwandani walikuwa wakija barazani kwangu wawili watatu, wakinibembeleza: twende kwa mtendaji, Katibu, huenda lori la pili litakuja, turuhusu tuandikwe. Nikawa nawajibu, "Mbona mpishi wa kantini ana wajukuu wanne na bado anapika futari mpaka anagawa? Nyie mnashindwa nini?" Sahani ya somo yangu niliifanya ushahidi. Hata kwenye barua ya kwenda kwa mkubwa wetu mjini niliandika kwamba wanachama wanaendelea vema na hakuna malalamiko.

Kumi la mwisho la mfungo chama kikaniita Dar es Salaam kwenye semina. Niliporudi nikakuta sahani sita za somo yangu jikoni, wifi yangu amezipokea, ameziosha, kazipanga moja juu ya nyingine. "Hukurudisha hata moja?" nikamuuliza. Akasema hakujua aweke nini. Nikataka kuzijaza siku ile ile, halafu kiburi kikanishika. Nikasema acha, Idi imekaribia, nitamrudishia zote sita kwa pamoja na pilau ya nyama, ajue mwali wake anamheshimu. Nikajiona mwema kweli kweli.

Siku ya pili yake nikasikia mjukuu wake yule aliyekuwa akileta sahani amepelekwa zahanati. Nikakimbia. Nilimkuta mtoto kalala kwenye benchi, macho yamemlegea, anatapika maji. Mganga alikuwa ameshika daftari, anamuuliza somo yangu mtoto amekula nini.

"Ndiga," akajibu.

Ndiga ni kiazi cha porini. Kina sumu. Lazima ukikate vipande vyembamba, ukiloweke kwenye maji yanayopita kwa siku nyingi, ndipo kinalika, na watu wetu hukikimbilia mwaka wa njaa tu. Mganga akauliza vimelowekwa siku ngapi. Somo yangu akasema kwa kawaida hungoja mpaka viive vizuri, lakini juzi hakukuwa na kitu kingine ndani, wajukuu walikuwa wamekaa na mfungo wa mchana na usiku, akavitoa kabla ya siku zake.

Ya Rabi! Kumbe kile nilichokiita viazi vikuu ni ndiga. Na nikaelewa kwa nini alikuwa akileta. Sahani hairudi tupu: alinifunda mwenyewe, akajua nimeshika. Alikuwa akileta ndiga ili ichukue wali irudi, wajukuu wale, bila kunyoosha mkono na bila kuniuliza tena swali ambalo watu walilicheka. Wali wangu ndio uliokuwa ukiwalisha. Siku sita nilizokuwa semina, zile sahani sita zilipokuwa zimepangwa jikoni kwangu, zilikuwa siku sita za wao kungojea.

Niliharakisha nyumbani, nikapika wali na mchuzi, nikaupeleka zahanati kwenye sahani yangu yenye maua mekundu. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Siku ya pili alikuwa anakaa.

Siku ya tatu, mnamo saa nne asubuhi, nilikuwa barazani na wanawake watatu wa kiwandani, wamekuja na lile ombi lao. Nikamwona somo yangu anakuja njiani mwenyewe. Mkononi ana sahani yangu ya maua mekundu, haikufunikwa. Alipita nayo nyumba zote zile, kila aliyekuwa nje akaiona. Ilikuwa tupu.

"Shikamoo, somo," nikasema, nikainuka.

"Marahaba." Akanipa sahani. "Nimekurudishia tupu, mwali wangu. Sina cha kuweka."

"Somo, hata usijali, karibu ukae, miye ndiye..."

"Sikai. Siku ile nilikuuliza kiwandani, ukasema nikuulize nyumbani. Nimekuja nyumbani. Wajukuu wangu watakula nini?"

Hakuna aliyecheka. Wale wanawake watatu walikuwa wananitazama miye, si yeye. Niliingia ndani, nikajaza mchele zile sahani sita mpaka ukamwagika, nikazileta kwenye sinia kubwa, nalia kama mtoto aliyechapwa. Nikamwambia mbele ya wote watatu, "Nisamehe, somo. Nilikosea, na nilikujibu mbele za watu."

Akatengeneza kata ya kanga kichwani, akalipokea sinia, akajitwika.

"Ahsante, Katibu," akasema, akaondoka.

Siku ile ile nilikwenda kwa mtendaji na wale wanawake. Alitusikiliza vizuri, tena hakuwa na ubishi na karatasi. Lakini mahindi yalikuwa yamekwisha, na lori la pili halikuja.

Kiinua mgongo kilikuja miaka kadhaa baadaye, kidogo, lakini kilikuja, na kwa waliobaki kwenye orodha ya kiwanda tu. Ni kwa hicho vijana wananipigia makofi. Somo yangu alinunua mabati kwa sehemu yake. Nilifurahi alipoezeka, nikaenda kusaidia kuteka maji.

Usidhani alinitenga. Sahani zilitembea kati yetu kila Ramadhani, na zake hazikurudi tupu tena. Mume wangu alipofariki alikaa nami eda yote. Alicheka nami, alinisuka, alinikaripia nilipozidisha chumvi. Ila neno "mwali wangu" sikulisikia tena. Kila nilipofika mlangoni kwake nilisubiri, nikitumaini huenda leo, na kila mara aliniambia karibu kwa jina la cheo changu, kile nilichokitetea juu ya gogo.

Alipougua mara ya mwisho nilikuwa naye asubuhi nzima, nimekiweka kichwa chake pajani pangu. Hakuwa akimtambua kila mtu. Mjukuu wake yule, sasa mama wa watu, aliinama akamuuliza, "Bibi, huyu unamjua?"

Akanitazama, akatabasamu. "Namjua," akasema. "Katibu. Mwambie anipe maji."

Nikampa.