Fundi wa Pancha Aliyeirudishia Meli Sauti Yake

Maduka ya Kawangware ndiyo kwanza yanafunguliwa, na tayari gari la maziwa limefika kwa Elisha Obiero likichechemea. Gurudumu la nyuma limelala kabisa. Dereva anashuka akiulaani msumari ambao hata hajauona. Obiero anamwacha aseme. Anapiga magoti vumbini, anaweka jeki, na kabla malalamiko hayajaisha tyubu imeshatoka na kuzamishwa kwenye karai la maji.

“Tulia, brathe. Itajisema yenyewe,” anamwambia dereva.

Na kweli inajisema. Viputo vinapanda karibu na vali. Obiero anaweka kidole hapo, anakwangua, anapaka gundi, anabandika kiraka. Kisha anaiwasha kompresa yake ya petroli, nayo inaanza kutetemeka na kupiga kelele za kumwamsha hata aliyelala na mawazo ya kodi.

Dereva anapongoja upepo ujae, macho yake yanatua ukutani. Kando ya tairi kuukuu imetundikwa tarumbeta ya shaba, urefu wa mkono wa mtu mzima, inang'aa kwa kusuguliwa.

“Hiyo ni ya kanisa?”

“Ni honi ya meli,” anajibu Obiero.

“Meli? Kawangware hapa?” Dereva anacheka hadi anashika mlango wa gari. “Haya, ipige kidogo tusikie.”

“Hiyo haipigwi ovyo,” anasema Obiero, akichomoa mpira kwenye vali. “Hamsini, brathe.”

Anayetaka kujua kwa nini honi ya meli imetundikwa mbali namna hii na maji, na kwa nini mwenyewe anakataa kuipuliza, inabidi aketi kwenye ile tairi iliyogeuzwa kiti. Obiero haharakishi hadithi, na wateja humkatiza.

Ana miaka arobaini na mmoja. Anakaa Kianda, upande wa Kibera, kwenye chumba kimoja yeye, mkewe na watoto wao wawili, Whitney na Marvin. Kodi ni shilingi mia saba kwa mwezi. Kila asubuhi hutembea hadi Kawangware, mvua au jua, na mvua ya El Nino mwaka huu ilimpitisha katika tope la magotini. Siku njema hurudi na mia mbili mfukoni. Siku mbaya hurudi na mafuta mikononi tu.

Kiwanja alipoweka kibanda chake ni cha Mzee Mbuthia, ambaye ukoo wake umelima Kawangware tangu ikiwa mashamba. Kompresa pia ni ya Mbuthia. Wawili hao hugawana mapato nusu kwa nusu, na hugombana kila wiki kuhusu petroli.

“Huyu ni mtu wangu,” anasema Mbuthia, “lakini petroli anakunywa kama chai.”

Kabla ya Kawangware kulikuwa na ziwa. Baba yake Obiero, marehemu Ogweno, alikuwa mshika usukani wa MV Gembe, meli iliyobeba pamba, ng'ombe na abiria kutoka Kisumu kupitia Kendu Bay hadi Homa Bay. Nyumbani kwao ni Kamwala, kwenye kilima mbele ya Kendu Bay. Meli ilipokuwa ikipita chini ya kilima hicho, Ogweno alipuliza honi: mlio mrefu, mlio mrefu, kisha mfupi. Hiyo ilikuwa salamu ya mkewe, Nabwire, binti kutoka Samia aliyeolewa pale. Mwenzake alishika usukani, mtumbwi ukatoka ufuoni kumpokea, na Nabwire alibandika maji ya ugali. Baba alipopanda kilima, chakula kilikuwa tayari.

“Sisi watoto hatukuwa na saa,” anakumbuka Obiero. “Gembe ikiita, unajua leo kuna kula vizuri.”

Ogweno alifariki. Meli nayo ikazeeka, ikafungwa kwenye kona ya bandari ya Kisumu, injini ikang'olewa, nyasi zikaota sitahani. Nabwire akabaki kilimani, na miaka ikamletea mtoto wa jicho, kwanza jicho moja, kisha la pili.

Lakini Gembe haikusahaulika, hasa Kibera. Kila Jumapili baada ya kanisa, watu walioipanda au kuifanyia kazi hukutana Kianda kwa Akeyo, mama anayekaanga samaki. Hujiita Watu wa Gembe. Juu ya karai la mafuta kuna picha ya meli hiyo, imeshika moshi mpaka mgeni angedhani ni picha ya usiku. Hapo hubishana kuhusu mawimbi ya zamani na manahodha waliokufa, na asiyejua kitu kuhusu Gembe huambiwa ale samaki wake anyamaze.

Mwezi wa tano mwaka huu, mwanamke anayemletea Akeyo samaki alikuja na habari. Gembe imeuzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Itavutwa hadi ghuba moja ng'ambo ya Homa Bay, ikatwe vipande.

“Mtu wako akifa, unamsindikiza,” anasema Akeyo, akigeuza samaki wa ngege kwenye mafuta. “Hiyo meli ilinibeba nikiwa bado tumboni. Iende peke yake kwa nini?”

Wakachanga nauli. Wengi wangesimama kwenye gati la Kendu Bay waione ikipita. Obiero alipeleka habari nyumbani Kamwala, na jibu la mama yake ndilo lililomkosesha raha: “Kuiona siwezi tena. Ningependa kuisikia ikiita, basi.”

Iite vipi? Meli haina injini, haina nahodha, haina hata taa. Obiero alizunguka na neno hilo moyoni kwa siku nyingi. Halafu mchana mmoja, akijaza upepo kwenye tairi la lori, mpira ulichomoka na kupiga yowe lililowafanya kuku wa jirani watawanyike. Akasimama pale na mpira mkononi. Honi ya Gembe ilikuwa ya upepo. Haikuhitaji injini. Ilihitaji kompresa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Obiero aliinama. Alimwendea Mbuthia akamwomba chombo chake kwa wiki nzima, kiende Kisumu, kipakiwe kwenye meli mbovu.

“Nilimwuliza kama ameugua malaria,” anasema Mbuthia. “Hiyo kompresa si mbuzi ati utaifunga kamba uiongoze. Lakini akaniambia ni ya mama yake. Sasa mtu akisema mama, utamjibu nini? Nikamwambia sawa, lakini chombo yangu haiendi mahali bila mimi.”

Basi Mzee Mbuthia, ambaye maji makubwa aliyokuwa amewahi kuyaona ni bwawa la Nairobi Dam, akavaa koti lake la harusi na kupanda basi la Kisumu, kompresa ikiwa juu kwenye keria. Kila basi liliposimama, alishuka kuihakiki.

Bandarini walimkuta Urbanus, msimamizi wa watu wa kukata vyuma. Aliwasikiliza hadi mwisho, akawatazama, akaitazama kompresa. “Pandeni,” akasema. “Lakini mkianguka majini, mimi siwajui.”

Mabomba ya honi yalikuwa yameoza kwenye maungio. Obiero aliyapaka maji ya sabuni kama afanyavyo kwa tairi, akafuata viputo, na kila palipovuja akapafunga kwa vipande vya tyubu, akakaza hadi mikono ikamuuma. Kisha akajaribu. Honi ilitoa mlio mfupi, mkwaruzo tu, lakini sauti ilikuwa ileile ya utotoni. Obiero alikaa chini akafunika uso.

“Alilia,” anasema Mbuthia.

“Ilikuwa vumbi,” anasema Obiero.

Walitoka Kisumu siku ya Alhamisi, boti moja mbele ikiivuta Gembe kwa kamba nene. Hawakufika mbali. Magugumaji yalikuwa yamefunga njia, kijani kitupu, mtu angedhani ni shamba la sukuma wiki. Boti ya kuvuta ikazimika, imemezwa na mizizi. Ikabidi mtumbwi wenye injini ndogo upite huku na huku ukifungua njia, na siku ya pili petroli ya mtumbwi huo ikaisha.

Boti ya kuvuta ilitumia dizeli; petroli pekee iliyobaki ilikuwa kwenye mtungi wa Obiero, ile ya kompresa.

Hapo hapakuwa na njia mbili. Akinyima, meli haisogei, na mama hatasikia kitu. Akitoa, meli itapita lakini huenda ipite bubu. Mbuthia alianza kusema petroli ni yake, kisha akamsogezea mtungi kwa mguu. Obiero akatoa mtungi. Kilichosalia ni kile kilichokuwa ndani ya kompresa yenyewe, cha kujaza tangi la upepo mara moja. Tangi moja ni salamu moja.

Magugu yakaachia. Jumamosi mchana Gembe ikafika Kendu Bay.

Gatini Watu wa Gembe walikuwa wamejaa. Walikuwa wamelala hapo siku mbili wakingoja, wakila mihogo, Akeyo mbele na leso kichwani. Walijua Obiero yuko ndani na honi. Meli ilipokaribia, wakaanza kupunga mikono na kuita, “Piga! Piga!”

Obiero alisimama na mkono kwenye vali.

“Hao ni watu wangu,” anasema. “Walichanga. Mimi mwenyewe nauli yangu ilitoka kwa samaki wa Akeyo. Ningeipiga pale, ningekuwa shujaa. Lakini ilikuwa na mwenyewe.”

Hakuipiga. Gembe ikapita gati kimya, na kelele za watu zikapungua hadi zikaisha. Mbuthia anasema hajawahi kuona watu wengi wakishusha mikono kwa pamoja.

“Nilimtukana,” anakiri Akeyo. “Nilisema huyu mtoto wa Ogweno ametudanganya, arudi Kianda aone.”

Chini ya kilima cha Kamwala, magugu yaliwasukuma mbali na ufuo kuliko Obiero alivyopanga. Nyumba ya mama yake ilionekana ndogo, paa la mabati likimeta. Hakujua kama sauti ingefika. Akafungua vali.

Mlio mrefu. Mlio mrefu. Mfupi.

Ule wa mwisho haukutoka vizuri. Tangi lilikuwa limeisha, nao ukafa katikati kama mtu aliyekatizwa neno. Kompresa ikakohoa, ikazimika. Kilimani hakuna aliyepunga mkono. Obiero aliendelea na safari akiamini ameshindwa.

Walipoifikisha meli ghubani, Urbanus alikuwa na lori lenye magurudumu mawili bila upepo. Obiero akayatengeneza kwa petroli ya Urbanus, na alipoulizwa malipo akaonyesha honi. Urbanus aliipima mkononi. Shaba ni pesa. “Chukua,” akasema, “kabla sijafikiria vizuri.”

Jumapili jioni, Obiero na Mbuthia walipanda kilima cha Kamwala, mmoja na honi begani, mwingine na koti la harusi lililojaa matope. Mlangoni waliona moshi. Ndani kulikuwa na ugali wa pili. Wa kwanza, ule wa Jumamosi, ulikuwa kando umefunikwa, umekauka. Jirani aliwaambia kwamba bibi kizee alikaa nje kwenye kigoda tangu Alhamisi, na honi ilipolia akaisikiliza hadi mwisho. Aliinuka, akapapasa ukuta hadi jikoni, akabandika maji.

Obiero alimshika mkono. Akamwuliza taratibu kama anakumbuka kwamba baba hayupo.

“Nilimzika mimi,” Nabwire akamjibu. “Sijasahau. Lakini meli ikiita, lazima mtu apike.”

Kisha akauliza kwa nini mlio wa mwisho ulikatika. Obiero akamweleza habari ya petroli. Bibi akacheka, akasema Ogweno pia alikuwa akiufupisha siku akiwa na njaa.

Mbuthia, ambaye kwao samaki hawakuliwa, alikula samaki siku hiyo. “Mwiba ulinishika hapa,” anasema akigusa koo, “lakini nilinyamaza. Ile nyumba haikuwa ya kulalamika.”

Na Akeyo? Sauti ilimfuata hadi gatini, ikiwa mbali, akaijua. “Matusi yangu nikayameza yote,” anasema. Siku hizi Obiero akipita kwake Jumapili, halipii mkia wa samaki.

Gari la maziwa limeondoka. Obiero anafuta honi kwa kitambaa. Mwezi wa kumi na mbili mama yake atakuja Nairobi kupasuliwa macho. Miadi imepatikana, na Watu wa Gembe wanachanga tena. Atashuka pale kituoni, hatua chache kutoka kibandani. Siku hiyo ndiyo honi itapigwa Kawangware, kwa tangi lililojaa, na mlio wa mwisho ukamilike.

“Shida ni moja tu,” anasema Obiero. “Akisikia, atatafuta jiko, na mgeni hapikishwi. Na mke wangu mchana yuko kazini, na mimi nitakuwa kwenye vali.”

Mzee Mbuthia yuko mlangoni pake, anajifanya anasoma gazeti.

“Wewe piga honi yako,” anasema bila kuinua macho. “Maji nitabandika mimi.”