Uzi Uliokatika kwenye Mashine ya Lukuga

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa kituo cha maji alinipeleka kando ya mto Lukuga, akachota maji kwa kikombe. Yalikuwa na rangi ya chai.

"Mama Feza, kazi yako njo hii," akasema. "Haya yawe ya kunywa."

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire. Pompi ilivuta maji, yakapita kwenye mchanga, kisha yakasukumwa ndani ya utando. Msidhani ni kitambaa. Zilikuwa nyuzi mamia, zenye uwazi katikati kama mirija, na vitundu vyake vilikuwa vidogo hata kijidudu cha kipindupindu kisipite. Kila asubuhi niliziosha kwa kurudisha maji safi kinyumenyume. Kila Jumatatu nilisukuma hewa ndani na kutazama: mapovu yakitoka, uzi umekatika.

Kipindupindu kilipoingia mji wetu wa Kalemie, Jumatatu ile mapovu yalitoka. Nikakimbia biro, ofisini kwa Shefu.

"Shefu, tufunge. Uzi umekatika."

"Uzi mmoja? Watu wamepanga bidoni zao za kuchotea tangu alfajiri. Ukiwafungia watakunywa mto wenyewe."

"Basi tuwaambie wachemshe."

"Wakisikia hivyo hawatarudi tena. Acha robine wazi."

Nikarudi kwenye mashine, robine ya maji nikaiacha wazi. Maji yakaendelea kutoka.

Jumatano Mama Kabibi, aliyefagia kituo chetu, hakuja. Nilimkuta hospitali, macho yamezama. Akanishika mkono. "Feza, mimi sikunywa ya mto. Nilikunywa ya kwetu tu."

Alikufa kesho yake. Shefu alisema labda ni chakula cha sokoni. Labda. Mpaka leo sijui.

Kutoka makaburini nilikwenda moja kwa moja kituoni, nikafunga robine, nikasimama mbele ya watu. "Utando umekatika. Maji mliyochota, chemsheni. Nilijua tangu Jumatatu, sikuwaambia."

Mama mmoja alitema mate miguuni pangu. Shefu akatoka biro, nikadhani ananifukuza. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, tukautafuta ule uzi pamoja mpaka tukauona na kuuziba.

Baadaye nilitumwa Kongolo, kwenye maji ya mto Lualaba, nikafanya kazi huko mpaka nilipostaafu. Vijana wananiambia mashine za sasa zinajipima zenyewe. Nafurahi. Lakini mashine ikishakuonyesha kasoro, bado ni wewe utakayetoka nje kuwaambia watu. Utoke siku ileile. Mimi nilichelewa.