Kitovu cha Bauma Ndani ya Bidon

Mwaka ule ni ule ambao Goma yote ilikula sambaza, visamaki vya ziwa, mpaka paka wakasusa. Barabara ilikuwa imefungwa, maharagi ya Kiwanja hayafiki, viazi vya Masisi havifiki, tukawa tunamega kabugali kadogo na kuchovya ndani ya mchuzi wa sambaza, asubuhi na jioni. Kama ulikuwa hapa, unaujua mwaka huo. Kama haukuwa, niamini tu. Haya ninayoandika yalinifika mwaka huo, ndani ya parseli yangu, hapa nyumbani, watu wakiwa bado wanarudi kutoka soko. Sikuwa na homa. Na pombe ya kasiksi siinywi.

Mimi nilisoma mpaka troisième primaire, mwaka wa tatu tu, halafu nikapewa jembe. Usitafute maneno mazuri hapa.

Nina muti mumoja ambao majirani wanaucheka. Chini una tumbo, kubwa kama sufuria ya kupikia matanga, gumu, la kijivu. Mutu asiyeujua anasema ni jiwe. Juu ya tumbo inatoka kamba nyembamba yenye kupanda, na majani kama viganja vya mutoto. Tumbo ndilo ghala yake, maji yote umefungia mule. Bwana yangu marehemu alikuwa anapakia samaki za ziwani Vitshumbi kwenye kamyo. Aliung'oa kule kwenye mbuga kavu, ungali mudogo kama kitunguu, akaniletea ndani ya kofia yake.

Wakati huo nilikuwa na Bauma mgongoni, mutoto wangu wa pekee. Kitovu chake kilikuwa kimeanguka, nimekifunga kwenye kitambaa, sina pa kukizika. Kwetu Masisi kitovu kinazikwa chini ya mugomba. Hapa Goma utachimba wapi? Parseli yangu yote ni makoro, yale mawe meusi ya volkano, jembe likigonga linalia tu. Basi nikakata bidon ya njano ya kutekea maji, nikaitoboa matako, nikaponda makoro mpaka yakawa kama mahindi, nikachanganya na udongo kidogo. Kitovu nikakiweka chini, muti nikaupanda juu. Wakakua pamoja, muti na Bauma, na wote wawili walikuwa wanene.

Kulea muti huu si kazi ya watu wa huruma. Tumbo usilifukie, liache nje lipumue. Kamba yake uifungie uzi mpaka kwenye bati, ipande inavyotaka. Utomvu wake ni sumu, mbuzi wasikaribie. Na kiangazi kikifika, majani yanakuwa ya manjano, yanaanguka, kamba inakauka, mutu anasema umekufa. Haujafa. Umelala. Unauingiza ndani ya nyumba, unauweka kwenye kona kavu, na hauupi maji hata tone, mpaka wenyewe utoe jicho la kijani. Jirani yangu mumoja, mama anayeuza makala ya kupikia, aliwahi kuumwagia kikombe ukiwa umelala, eti alikuwa anauhurumia. Maji yakaingia pale kamba inapotokea, tumbo likalegea upande kama papai iliyoiva. Nilikata palipooza kwa kisu, nikapaka majivu, nikakaa nao kama mugonjwa. Ulipona. Na yule mama nilimwambia huruma yake aende kuifanyia bwana yake.

Bauma alikua, akaoa Furaha, wakazaa Neema, mujukuu wangu, mwenye akili kuliko darasa lake lote, na hilo si mimi ninalosema, ni mwalimu. Halafu Bauma akashika kazi ya baba yake. Akaenda Vitshumbi kununua samaki. Hakurudi. Wengine walisema ziwa, wengine walisema barabara. Hakuna aliyeniletea hata shati.

Tulingoja, kisha tukangoja tena. Ndipo shemeji yangu, mudogo wa bwana yangu, akaja na wazee wa familia. Kwetu, mutu akipotea bila maiti, tunakata shina la mugomba, tunalifunga kwenye mukeka, tunalizika badala yake, watu wanalia, inaisha. Mujane anakuwa huru. Shemeji akasema mugomba wa nini, wakati kitovu chenyewe kipo kwa bidon? Tuzike ule muti.

Furaha hakuniangalia usoni. Alisema pole pole, "Mama, nimechoka. Mimi si muke, mimi si mujane. Mimi ni nini?"

Nilimpenda yule mutoto, na ninampenda. Lakini niliwajibu wote:

"Siziki mutu ambaye sikumuosha."

Shemeji akacheka kidogo. "Mama Bauma, sasa utaosha nini, kiazi?"

Nikamwonyesha mulango.

Sasa sikiliza vizuri. Ilikuwa kiangazi, muti umelala kwenye kona ya nyumba. Furaha na Neema walikuwa wameenda kuteka maji ziwani. Courant ya taa ilikuwa imekatika, lakini mwanga wa nje ulikuwa ungali unatosha mutu kuchambua mchele. Mimi nilikuwa ninaosha sambaza ndani ya beseni. Nikasikia mutu amesimama mulangoni. Unajua namna mutu anavyosimama nawe unajua ni nani kabla ya kuinua macho?

Ilikuwa Bauma. Shati lile lile la mistari aliloondoka nalo. Nywele zimelowa, maji yanamtiririka kwenye mashavu, yanadondoka chini, na saruji yangu ilibaki kavu. Niliangalia vizuri sana. Kavu kabisa, na vumbi juu yake.

Je, nilikimbia? Mama anamkimbia mutoto wake? Nilimwambia ingia, keti.

"Siwezi kuketi, mama," akasema. "Kule wote wamelala. Mimi peke yangu ninasimama."

Sauti ilikuwa yake, ila ilifika kwa kuchelewa, kama simu ya mbali. Alinipita. Baridi iliniingia mkono wa kuume, upande aliopitia. Akaenda moja kwa moja kwenye kona, akainama, akaweka kiganja chake juu ya tumbo la muti, pale pale kamba inapotokea. Akanigeukia.

"Ulisema hauwezi kuzika mutu ambaye haukumuosha. Nimekuja. Unioshe."

Pembeni yangu kulikuwa na jagi imejaa maji safi. Niliishika. Niliinuka nayo, nikafika mpaka kwake. Mkono wake ulikuwa hapo, kucha zake fupi, kovu la kisu cha samaki kwenye kidole gumba. Nilimuosha yule mutoto tangu akiwa mudogo wa kuenea ndani ya beseni moja. Kulikuwa na kazi gani kumwaga?

Lakini nilijua. Maji yakipita vidoleni mwake yataingia kwenye tumbo lililolala, litaoza mpaka chini, mpaka kwenye kitovu. Nikisha kumuosha, neno langu limetimia, kesho nitamufunga kwenye mukeka kama shemeji alivyotaka. Alikuwa ananiomba mambo mawili kwa maji ya jagi moja. 

Niliweka jagi chini.

"Mama," akasema, "miguu inauma."

Niliziba masikio, mimi, mama yake. Nikamwambia yale yale niliyowaambia wazee. Hakukasirika. Alisema tu, "Sawa, mama," kama wakati nilikuwa ninamukatalia ruhusa ya kwenda kuogelea. Akaondoa mkono, akatoka. Furaha aliingia muda mufupi baadaye na bidon ya maji, akauliza kwa nini nyumba inanuka ziwa.

Nilimweleza yote. Furaha alikaa chini, akalia sana, hakulia vile hata siku moja kabla ya hapo. Halafu akasema, "Alikuja kuomba, mama. Na ulimurudisha amesimama." Kabla mvua hazijaanza, barabara ilipofunguliwa, alimuchukua Neema, wakaenda kwa wazazi wake kule Kiwanja. Sikumulaumu. Neema, niliyemwambia zamani kwamba baba yake amelala kama muti, ananipigia simu kila Jumapili, siku ya Mungu, ananiuliza, "Koko, baba ameamuka?" Ninamwambia bado.

Muti uliamuka mvua zilipokuja, lakini majani yake sasa ni madogo. Juu ya tumbo kuna mabonde, ya kiganja na vidole. Si kuoza, kuoza ninakujua, kunanuka na kunalegea. Haya ni makavu na magumu. Ukitaka kuyaona, njoo, utaweka mkono wako. Mkono wangu wa kuume mpaka leo haupati joto, hata juu ya moto wa mbabula. Na kila kiangazi, majani yakiisha kuanguka, jioni mutu anasimama nje ya ua. Haingii tena. Haombi. Anabadilisha mguu, anasimama na huu, anasimama na huu.

Ninyi munaozaa, nisikilizeni. Kitovu cha mutoto kizikeni mapema, mahali ambapo mikono yenu haitafika. Musikifuge ndani ya nyumba. Mukikifuga, mutakilinda, na siku mutoto mwenyewe atakapokuja kukidai, mutashindwa kukiachia.

Shemeji alirudi juzi na mukeka mupya. Aliuweka mulangoni, na safari hii hakucheka. Niliurudisha mikononi mwake. Nilimwambia:

"Siziki mutu ambaye sikumuosha."