Nilimwomba Daktari Mke wa Kwenye Bango

Kosa ni langu, sitaki kulisukumia kwa daktari wala kwa dawa. Naandika kwa sababu hapa Malvern, ugenini, sina wa kumwambia. Wanaume wenzangu wangecheka kwanza.

Mama mkwe wangu alifariki Dar mwaka jana. Vibali vyetu haviruhusu kutoka na kurudi, kwa hiyo mke wangu akamzika mama yake kwa simu. Hakukaa matanga, wala hakupata wenzake wa kulia nao. Mimi kesho yake nikaenda kazini, nikidhani yatapita.

Hayakupita. Aliacha kupika, akaacha kuchana nywele, akawa anakaa tu kitandani anatazama ukuta. Mimi ni mlinzi, narudi nimechoka, nakuta sufuria za jana. Nilikasirika, jamani. Nilimkasirikia mfiwa.

Nikampeleka kwa daktari. Kiingereza cha mke wangu ni cha kununulia nyanya, basi mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake, kama wanaume wengi wa huku tunavyofanya. Ukutani palikuwa na bango la kampuni ya dawa. Upande mmoja mama kajikunyata, sinki limejaa vyombo. Upande wa pili mama huyohuyo kavaa aproni, anacheka, anawapakulia mumewe na watoto. Nikasema moyoni, huyo ndiye ninayemtaka.

Daktari akauliza mgonjwa anajisikiaje. Mke wangu akaniambia taratibu, "Mwambie sijamlilia mama yangu. Mwambie nyumbani niko peke yangu, hata wewe ukiwepo."

Niliona aibu. Nikamgeukia daktari nikasema hapiki, hafui, hacheki, nyumba imemshinda. Nilimsomea lile bango, hasa.

Akaandikiwa vidonge. Baada ya muda akaanza kupika. Nikiingia ananitabasamia, sahani iko mezani. Nikawapigia ndugu zangu kujisifu kwamba mke wangu amepona. Yeye mwenyewe sikuwahi kumuuliza.

Jirani yetu Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu anayejua Kiingereza, ndiye aliyempeleka kwa daktari mara ya pili, mimi nikiwa zamu. Niliporudi nilimkuta mlangoni kwangu.

"Baba Salma, juu ya nini ulimuficha munganga kama mama yake alikufa? Alishangaa sana. Anasema angejua, angeanzia pale."

Mke wangu alikuwa nyuma yake, begi mkononi. Hakupaza sauti.

"Nilidhani daktari amesikia, akaona si kitu," alisema. "Miezi yote hiyo, Baba Salma. Kumbe hukumwambia."

Eish. Akamshika mkono binti yetu Salma, wakatoka.

Siku hizi anakaa Hillbrow, mtaa mwingine wa jiji hili, kwa wanawake wa kwao, pamoja na Salma. Walimwekea msiba, wakalia naye. Dawa bado anatumia na zinamsaidia, maana sasa daktari anajua anachotibu. Kwenye msiba ule mimi sikuitwa.

Wanaume wenzangu, ukiwa mdomo wa mkeo, sema maneno yake, hata yakikuchoma. Bango kama lile linapima kupona kwa mwanamke kwa jinsi mumewe anavyoshiba. Usiliamini. Mimi nililiamini, na majuzi nilishikwa na homa, nikalala humu ndani, hapakuwa na wa kuniuliza naumwa wapi.